Timotheo wa Baghdad na Maswali ya Khalifa

Wasomaji wengi wa mwambao wetu wanamjua Harun Rashid, kwani hapana aliyekua kwa hekaya za Alfu Lela U Lela asiyejua jinsi Khalifa huyo alivyokuwa akitembea usiku katika vichochoro vya Baghdad amejigeuza mfanya biashara. Baba yake, Al-Mahdi, hajulikani sana, na ni wachache mno waliowahi kusikia habari za mzee mmoja wa Kikristo aliyekuwa akiingia na kutoka katika baraza za wafalme hao wawili. Mzee huyo ndiye ninayetaka kumzungumza leo, maana maisha yake yana jambo ambalo sisi wa huku twalihitaji: alikuwa hodari wa kujibu swali la mtu asiyemwafiki.

Nasema twalihitaji kwa sababu naijua mihadhara yetu. Katika miaka ya 1980 na 1990 viwanja vya pwani vilijaa wahubiri, Waislamu kwa Wakristo, huyu na Kurani yake na yule na Biblia yake, vipaza sauti vimefungwa juu ya minazi. Nimesimama katika viwanja hivyo jioni nyingi, na mara nyingi nilirudi nyumbani nikiwa nimejifunza kidogo na kucheka sana. Aliyeuliza hakutaka jibu, na aliyejibu hakuwa akimjibu muulizaji, bali akiwajibu watu wake waliomshangilia nyuma. Hayo hayakuwa mambo ya Baghdad mwaka 781.

Timotheo alizaliwa karibu na mwaka 728 katika kijiji cha Hazza, upande wa Arbela, nchi ambayo leo ni kaskazini ya Iraq. Watu wake walikuwa Wakristo wa Kanisa la Mashariki, wale ambao Waarabu waliwaita Nastura, na lugha yao ya ibada ilikuwa Kisuryani. Mjomba wake alikuwa askofu, na ndiye aliyempeleka chuoni kwa mwalimu aitwaye Abraham bar Dashandad, mtu kiwete wa miguu ila si wa akili. Chuo hicho hakikuwa mbali sana, kwa namna yake, na vyuo vyetu: mtoto huanza kwa kuhifadhi Zaburi, kisha husomeshwa tafsiri, na mwenye kichwa chepesi huendelezwa katika mantiki ya Wayunani. Timotheo aliendelezwa. Mwenzake mmoja katika chuo hicho aliitwa Isho bar Nun, na jina hilo tutalirudia.

Alipokuwa mtu mzima alirithi uaskofu wa mjomba wake katika jimbo la milimani liitwalo Beth Bgash. Huko ndiko alikojifunza siasa. Gavana wa Mosul alikuwa na karani Mkristo, Abu Nuh wa Anbar, aliyekijua Kiarabu vilivyo, na Timotheo akafanya naye usuhuba uliodumu miaka mingi.

Mwaka 780 alichaguliwa kuwa mkuu wa kanisa lake lote, cheo ambacho Waarabu wakikiita Jathliq. Uchaguzi wenyewe una kisa kinachosimuliwa katika tarikh za Wakristo, nacho hakimpi sifa safi. Inasemekana aliwaonyesha wapiga kura wenye tamaa magunia yaliyojaa kitu kizito, nao wakafahamu kuwa ni fedha zao pindi akishinda. Aliposhinda wakaja kudai. Wakafungua magunia wakakuta mawe. Alipoulizwa, akawaambia kuwa ukuhani hauuzwi kwa pesa. Kama kisa hiki ni cha kweli kilivyo, basi tumejua mapema kuwa mtu huyu alikuwa mjanja, na kwamba jibu lake lilikuwa sahihi kuliko kitendo chake.

Maadui zake hawakunyamaza. Askofu mkuu wa Gundishapur, Ephrem, na yule wa Merv, Yusuf, walikataa kumtambua; wakamtenga naye akawatenga, na ugomvi wa wafuasi wao ukafika kwenye barabara za mji. Mwisho wa yote yule Yusuf wa Merv akasilimu. Vitabu vya kanisa vinamsema vibaya sana kwa hilo. Sisi tutasema nia ya mja yajulikana na Mola wake, na tupite.

Basi huyo ndiye mtu aliyeitwa mbele ya Khalifa Al-Mahdi, mwaka 781 au mwaka uliofuata, kiasi cha mwaka wa 165 wa Hijria. Tuangalie kwanza alikuwa akienda kwa nani.

Al-Mahdi alitawala tangu 775 hadi 785. Alikuwa karimu, mpenda elimu na mashairi, mwenye adabu ya kifalme. Lakini alikuwa pia mtu aliyeweka afisa maalumu wa kuwatafuta mazandiki, yaani walioshukiwa kuficha dini nyingine chini ya Uislamu wao. Bashshar ibn Burd, yule malenga kipofu wa Basra, alishitakiwa kwa mambo hayo akapigwa mijeledi mpaka akafa mnamo 783 au 784, kwa amri ya Khalifa huyu huyu. (Sisi washairi habari hiyo hutugusa, ingawa ulimi wa Bashshar ulikuwa umemchongea kwa mengi mengine.) Mwaka 780 Khalifa alipopita upande wa Halab, Waarabu Wakristo wa kabila la Tanukh walilazimishwa kuacha dini yao. Na miaka isiyofika 40 nyuma, huko Sham, Mkristo mmoja jina lake Petro alikuwa ameuawa kwa kuutukana Uislamu hadharani. Kwa hivyo Timotheo alipokwenda kumsalimu Khalifa na kumpa sifa zake kama ilivyokuwa desturi, alijua kwamba neno moja baya halingemponza yeye peke yake. Nyuma yake palikuwa na makanisa yaliyoenea tangu mto Dajla hadi Uchina, na mengi kati yake yaliishi kwa hisani ya mfalme aliyekaa mbele yake.

Alikuwa bado hajamaliza salamu zake Khalifa alipomtupia swali. Alimwambia kwamba haimpasi mtu mwenye elimu kama yake kusema kuwa Mwenyezi Mungu alioa mke akamzaa mtoto.

Hili ni swali tulisikialo hadi leo. Mhubiri wa uwanjani angekimbilia kutetea neno Mwana kwa aya kumi. Timotheo hakufanya hivyo. Alianza kwa kukubaliana na Khalifa: akasema kuwa hiyo ni kufuru, na akauliza ni nani aliyewahi kuitamka, maana Mkristo yeyote atakayesema kuwa Mungu alichukua mke amekufuru. Kwa neno hilo moja wakawa wawili wanaokataa jambo moja, na si mahasimu tena. Ndipo Khalifa akamuuliza, kama ni hivyo, anasema nini juu ya Masihi. Akajibu kuwa ni Neno la Mungu, aliyezaliwa na bikira bila ya baba, na kwamba kule kuzaliwa kwake kwa Mungu hakufanani na kuzaa kwa viumbe, bali ni mfano wa mwanga unavyotoka katika jua na neno linavyotoka katika nafsi ya mtu. Sisi hatuyakubali hayo yote, na Al-Mahdi pia hakuyakubali; lakini sasa walikuwa wakizungumza juu ya itikadi anayoishika yule mtu hasa, na si juu ya ile aliyodhaniwa anayo.

Kutoka hapo maswali yakafuatana. Juu ya Utatu Khalifa alimbana sana, na Timotheo akaleta mifano: jua na mwanga wake na joto lake, tufaha na harufu yake na tamu yake, mfalme na neno lake na roho yake, ambao si wafalme watatu. Khalifa akaonyesha kila mara mahali mfano unapokatika. Timotheo naye akakiri kuwa mifano yote hukatika, kwa vile hapana kiumbe kilicho mithili ya Muumba. Hapo mimi naona Khalifa alikuwa na hoja yenye nguvu, kwani mfano ukishakubaliwa kuwa hautoshi, muulizaji ana haki ya kuuliza umeletwa kwa nini.

Akaulizwa kama Masihi aliswali na kuabudu. Akasema ndiyo. Basi aliyeabudu atakuwaje Mungu? Akajibu kuwa aliabudu kwa upande wa utu wake, ili awafundishe watu. Akaulizwa kwa nini Masihi alitahiriwa na wao hawatahiriwi, na kwa nini alielekea Baitul Mukaddas na wao waelekea mashariki. Akaulizwa juu ya yule mpanda punda na mpanda ngamia katika kitabu cha Nabii Isaya, ambao wanavyuoni wetu wengi wamewafasiri kuwa ni Nabii Isa (A.S.) na Mtume Muhammad (S.A.W.). Timotheo alisema hao ni wafalme wawili wa Wamedi na Waajemi walioivunja Babeli, Dario na Koreshi. Hapa hakulegeza hata kidogo. Kadhalika alipoambiwa kuwa Injili imegeuzwa, na kwamba jina la Mtume lilifutwa ndani yake, aliuliza faida gani wangeipata Wakristo kwa kufuta, na ni kwa njia gani Mayahudi na Wakristo, walio maadui, wangekubaliana kuvibadilisha vitabu vya manabii ambavyo kila kundi lilikuwa likivisoma mbali na mwenziwe.

Kubwa lililowatenganisha ni kusulubiwa. Khalifa alimtajia aya ya Suratun Nisaa inayokanusha kwamba Nabii Isa aliuawa au kusulubiwa. Timotheo naye akamtajia Suratu Maryam, pale Nabii Isa anapoizungumzia siku ya kuzaliwa kwake na siku ya kufa kwake na siku ya kufufuliwa kwake. Fikiri, msomaji: askofu wa Kisuryani anaijua Kurani kiasi cha kumjibu Amirul Muuminina kwa aya, na Amirul Muuminina anamwachia aseme. Wanavyuoni wetu wana majibu yao juu ya aya hiyo, na Al-Mahdi alimpa jibu hilo, kuwa kufa kwake ni kwa baadaye. Kisha akamtegea mtego ulio mzuri kuliko yote ya siku hizo mbili. Alimuuliza kama Masihi alisulubiwa kwa kutaka kwake au bila ya kutaka. Kama alitaka, Mayahudi hawana kosa, maana wametimiza matakwa yake. Na kama hakutaka, basi alishindwa nguvu, na aliyeshindwa nguvu hawi Mungu. Huu ni mtego wa pembe mbili, ukiukwepa huu wachomwa na ule. Timotheo alijibu kwa kutenganisha nia ya anayekufa na nia ya anayeua: mtu aweza kuukubali mauti kwa jambo jema, na bado aliyemwua akawa na dhambi, kwa kuwa yeye aliua kwa chuki wala hakuwa na habari ya hilo jema. Mwenye kutaka ashike jibu hilo na mwenye kutaka aliache, ila hakuna atakayesema kuwa alilikimbia swali.

Kulikuwa na jambo ambalo lilimfurahisha Khalifa. Wakristo wa zama hizo walikuwa wamegawanyika makundi matatu, Nastura na Yaakiba na Wamalkani, na makundi mengine hayo yalisema kuwa Mungu alikufa msalabani kwa mwili wake. Timotheo alisema hapana: aliyekufa ni mtu, Mungu hafi. Khalifa akamwambia kuwa katika hilo wao wameamini sawa zaidi kuliko wenzao, kwani nani awezaye kuthubutu kusema kuwa Mungu amekufa.

Sasa twafika kwenye swali ambalo lilikuwa ncha ya upanga. Khalifa alimuuliza anasema nini juu ya Muhammad.

Mtu aangalie jinsi njia zilivyokuwa zimefungwa. Akisema ni Mtume wa Mwenyezi Mungu kama tunavyokiri sisi, amesilimu, na kanisa lake limepotea naye. Akitoa neno la dharau, amevunja ahadi ya dhimma mbele ya Khalifa mwenyewe. Akinyamaza, kunyamaza kwake ni dharau. Na akidanganya kwa hofu, basi hafai kuwa kiongozi wa watu. Kitabu chao chenyewe, katika waraka wa Petro, chawaamuru wawe tayari kumjibu kila anayewauliza juu ya tumaini lao, na wajibu kwa upole na kwa heshima. Ni amri nyepesi kuisoma.

Timotheo alijibu kwamba Muhammad anastahili sifa za watu wote wenye akili, na kwamba alikwenda katika njia ya manabii. Akaeleza. Manabii wote walifundisha kuwa Mungu ni mmoja, na Muhammad alifundisha hivyo. Manabii wote waliwatoa watu katika maovu na kuwavuta katika mema, naye alifanya hivyo. Waliwapiga vita waabudu masanamu, naye aliwapiga vita. Kama Ibrahimu aliyeyaacha masanamu ya jamaa zake, ndivyo alivyoyaacha; na kama Musa, aliipigania ibada ya Mungu mmoja kwa upanga wake. Kwa hayo Mungu akamtukuza na kumpa yeye na watu wake ushindi juu ya falme mbili kubwa, ya Waajemi na ya Warumi.

Hakusema kuwa ni Mtume. Alisema alikwenda katika njia ya mitume. Al-Mahdi hakuwa mjinga, akaliona pengo hilo, akamwambia kuwa basi inampasa ayapokee maneno ya Mtume. Akauliza maneno gani. Akaambiwa: kwamba Mungu ni mmoja wala hana wa pili. Akajibu kuwa hayo anayaamini, ameyajua katika Taurati na manabii na Injili, na kwa hayo yu tayari kufa. Kisha bila ya kupumzika akarudi kwenye itikadi yake.

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi, na kila mara najiuliza kama mimi, Mwislamu, niliyekalishwa mkekani nikiwa mdogo nikafundishwa juzuu kwa bakora, niridhike nalo au nisiridhike. Halitoshi, hilo ni wazi. Shahada nusu si shahada. Lakini halina uongo, wala halina tusi. Kila alilolisema alikuwa akiliamini, na kila asiloliamini hakulisema. Wapo waandishi wa Ulaya waliosema kuwa alikuwa akimbembeleza mfalme. Mimi sioni hivyo. Mbembelezaji asingesimama kubishana na mfalme juu ya msalaba.

Siku ya pili ilimalizika kwa mfano wa lulu, nao ndio uliomfanya akumbukwe. Alimwambia Khalifa kuwa hapa duniani sote ni kama watu waliomo ndani ya nyumba moja usiku wa giza. Ikaanguka lulu ya thamani katikati yao, na wote wakaijua imeanguka. Kila mtu akainama kuitafuta. Mmoja akaishika lulu yenyewe, mwingine akashika kipande cha kioo, mwingine jiwe, mwingine donge la udongo, na kila mmoja akafurahi akijiona ndiye mwenye lulu. Giza litakapoondoka na mchana ukaingia, kila mtu atanyosha mkono wake kwenye mwanga, na hapo aliye nayo atafurahi na asiye nayo atalia. Lulu hiyo ni dini ya haki.

Khalifa akasema kwamba basi wenye lulu hawajulikani duniani. Timotheo hakuliacha hivyo, kwani lau angeliliacha angekuwa amesema dini zote sawa, nalo silo aliloliamini. Akasema wanajulikana kwa kiasi, kwa amali njema na kwa ishara ambazo Mungu huwapa. Khalifa akamwambia kuwa wao wana matumaini kwa Mwenyezi Mungu kwamba wao ndio wenye lulu, na kwamba wanayo mikononi. Timotheo akaitikia amin, akaomba Mungu awajaalie na wao Wakristo washiriki pamoja nao. Wakaagana kwa heshima.

Yapasa niseme kwamba habari hizi zote zatoka kwa upande mmoja. Timotheo mwenyewe ndiye aliyeziandika, kwa Kisuryani, katika waraka aliompelekea rafiki yake Sergio, na mwanzo wa waraka anaonyesha kusitasita kuziandika. Mazungumzo yenyewe yalikuwa kwa Kiarabu. Hapana mwandishi wa Khalifa aliyetuachia yake, na mwenye kalamu daima hukumbuka majibu yake vizuri kuliko ya mwenziwe. Hata hivyo, maswali ya Al-Mahdi katika waraka ule ni makali na ya maana, wala hakufanywa mpumbavu wa mchezo. Tangu mwaka 1928, Alphonse Mingana, mzaliwa wa Iraq aliyehamia Uingereza, alipouchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza, umesomwa dunia nzima.

Katika miaka hiyo hiyo Khalifa alimpa Timotheo kazi nyingine. Alitaka kitabu cha Aristotle kiitwacho Topika kigeuzwe Kiarabu. Kitabu hiki ni cha sanaa ya jadali: namna ya kuuliza mpaka mtu ajipinge mwenyewe, na namna ya kujibu usinaswe. Timotheo akakifasiri kutoka Kisuryani, akisaidiwa na sahibu yake Abu Nuh, na Kiyunani kikitazamwa kando. Waraka wake juu ya kazi hiyo waonyesha taabu ya mfasiri ambayo kila mwenye kufasiri ataitambua. Alihitaji vitabu vya sherehe, navyo vilikuwa katika nyumba ya watawa ya Mar Mattai, mikononi mwa Yaakiba, mahasimu wa kanisa lake. Akaandika barua kutaka waulizie kwa hekima bila ya kuonyesha pupa, wasije wenyewe wakafahamu kusudi wakavificha. Tazama mambo yalivyo: Khalifa wa Waislamu alitaka silaha ya kujadiliana na Wakristo na mazandiki, akamwagiza Mkristo amhunzie, na Mkristo akenda kuazima chuma kwa hasimu yake.

Al-Mahdi alikufa 785, Al-Hadi akatawala kidogo, kisha akaja Harun mwaka 786. Inasimuliwa kwamba Harun naye alimtega. Alimtaka amwambie kwa maneno machache, hapo hapo, ni dini ipi iliyo ya haki mbele ya Mungu. Akitaja ya kwake ameutweza ufalme, akitaja ya Khalifa ameikana ya kwake. Akajibu kuwa ni ile ambayo sheria na amri zake zinalingana na kazi za Mungu katika viumbe vyake. Kila aliyekuwapo barazani aliweza kwenda nyumbani akidhani ni dini yake iliyotajwa. Jibu hili lilikuwa la haraka na la werevu, lakini la lulu ni zito zaidi, kwa sababu lile lilimgharimu.

Kazi zake nyingine nitazipitia mbio. Aliuhamishia ukuu wa kanisa Baghdad. Alipeleka maaskofu kwa Waturuki, akaandika kuwa anatayarisha mwingine wa nchi ya Tibet, na makanisa ya Uchina na Bara Hindi yalikuwa chini yake. Umbali ulikuwa wa ajabu: jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa na Wakristo huko Chang'an mwaka 781 linamtaja Jathliq aliyetangulia kana kwamba yu hai, maana habari za kifo chake zilikuwa hazijafika. Na ili tusidhani kuwa sisi tulikuwa nje ya dunia hiyo, takriban miaka hiyo hiyo watu wa Shanga, kisiwani Pate, walikuwa wamejenga msikiti wao mdogo wa miti, wa kale kuliko wote uliofukuliwa katika mwambao huu. Bahari iliyowaletea bidhaa za Basra ni ile ile waliyopita makasisi wake kwenda Malabar.

Timotheo alidumu katika cheo miaka 43, chini ya makhalifa watano, mpaka zama za Al-Maamun. Alifariki mwaka 823, umri wake kiasi cha miaka 95. Na yule Isho bar Nun aliyesoma naye utotoni? Alimpinga kwa miaka mingi, kwa ulimi na kwa kalamu, kiasi cha kulichezea jina lake katika maandishi. Yeye ndiye aliyechaguliwa kukalia kiti chake.

Umebaki waraka mmoja ambao naupenda kuliko ule wa Khalifa. Humo Timotheo anasimulia alivyosikia kwa Mayahudi waliosilimishwa Ukristo kwamba miaka kumi nyuma, karibu na Yeriko, Mwarabu mwindaji alikuwa akiwinda, mbwa wake akamfuata mnyama ndani ya pango asitoke. Mwindaji akaingia kumfuata, akakuta chumba ndani ya jabali na humo vitabu vingi. Habari zikafika Baitul Mukaddas, watu wakaja, wakaona ni vitabu vya kale kwa maandishi ya Kiebrania. Timotheo alikuwa amesumbuliwa muda mrefu na maneno ambayo Injili inayanasibisha na manabii lakini hayapatikani katika vitabu vyao kama vilivyo. Je, yamo katika vitabu vya pangoni? Akaandika barua Sham kwa watu wawili, akiwataka waende wakaangalie. Hakuna aliyemjibu. Hakuwa na mtu mwingine wa kumtuma, na anaandika kuwa jambo hilo lilikuwa likiwaka moyoni mwake kama moto.

Mwaka 1947 mchungaji mdogo wa Kibedui alikuwa akitafuta mbuzi wake katika majabali ya Qumran, kusini kidogo ya Yeriko, akatupa jiwe ndani ya pango, akasikia mtungi ukivunjika.